Vijiti vya Hazina na makato ya korosho

Wapo wanaodhani kwamba sisi tunaosoma falsafa hatuna la kusema juu ya korosho. Asubuhi tunasoma Aristotle, jioni tunamwagilia bustani, na korosho tunawaachia wazazi wetu kule Masasi na Newala. Lakini wengi wetu ada ya sekondari ililipwa na korosho. Na kila tukirudi likizo wazazi wanatuuliza swali ambalo hatujalipata katika kitabu chochote cha maktaba yetu: ile tozo ya korosho ghafi zinazosafirishwa nje, fedha yake inakwenda wapi, na hesabu yake anasomewa nani?

Muhula huu, katika historia ya falsafa ya zama za kati, tumekutana na jambo linalokaribiana na swali hilo, nalo limetoka mbali: Uingereza ya karne ya 12. Mfalme Henry I alikuwa na wasimamizi katika kila jimbo la nchi, walioitwa masherifu, ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kumkusanyia mapato. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi Septemba, sherifu aliitwa kwenye Hazina. Hapo palikuwa na meza ya futi kumi kwa tano, imetandikwa kitambaa cha miraba mfano wa ubao wa drafti. Juu yake zilipangwa kete: anachodaiwa safu moja, alicholeta safu nyingine. Hata sherifu asiyejua Kilatini hata neno moja aliona kwa macho yake kete ngapi zimepungua. Hesabu iliandikwa kwenye ngozi. Ile ya mwaka 1130 ingalipo mpaka leo.

Anayetueleza kwa kirefu namna meza ile ilivyofanya kazi ni mhazini mwenyewe, Richard FitzNeal, kleri ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London. Kitabu chake alikianza mwishoni mwa miaka ya 1170, kwa mtindo wa mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi. (Mwanafunzi yule, lazima tuseme, anauliza maswali makali kuliko tunayouliza sisi darasani baada ya chakula cha mchana.)

Kilichotuvutia zaidi ni vijiti. Aliyelipa fedha Hazina alichongewa kijiti chenye alama. Pauni elfu moja ilikuwa pengo la unene wa kiganja, pauni mia moja unene wa dole gumba, pauni ishirini unene wa kidole cha mwisho, na pauni moja kama punje ya shayiri iliyokomaa. Kisha kijiti kilipasuliwa katikati kwa urefu, kila upande ukabaki na alama zilezile. Kipande kirefu alikichukua aliyelipa, kifupi kikabaki Hazina. Siku ya hesabu vipande viwili viliunganishwa. Kama afisa wa mfalme ameongeza pengo upande wake, visingeoana. Kama mlipaji amechonga la uongo, vivyo hivyo. Mfumo huo ulidumu karne nyingi, na vijiti vilivyobaki vilipochomwa mwaka 1834 moto wake uliteketeza jengo la Bunge la Uingereza.

Tusiwafanye watu wale watakatifu. Mkulima wa kawaida hakuwa na kijiti, na sherifu aliweza kumkamua jimboni halafu akafika mezani na hesabu safi. Ndiyo maana mwaka 1170 Henry II aliagiza uchunguzi uliouliza wananchi wenyewe masherifu wamechukua nini kwao, na wengi wa masherifu hao wakaondolewa kazini. Wafalme nao walijifunza kuikwepa meza. Henry III alipitisha fedha nyingi katika idara ya nyumbani kwake, iliyoanza kama stoo ya mavazi ya mfalme, mbali na macho ya Hazina. Mwaka 1258 mabaroni walikutana Oxford na mojawapo ya madai yao ilikuwa kwamba mapato yote yapitie Hazina.

Sasa twende Newala.

Mkulima akishaokota na kuanika korosho zake, huzipeleka chama cha msingi, zinapimwa, naye anapewa stakabadhi. Kutoka hapo zinaelekea ghala kuu, chini ya chama kikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na jirani zake. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara msimu wa 2007/2008, kwa sheria ya mwaka 2005. Ukifika siku ya mnada, wakulima wanakaa chini ya mikorosho au kwenye uwanja wa shule, bei za wanunuzi zinasomwa, na wao ndio wanaokubali au kukataa. Oktoba 2018 walikataa, Newala na Tandahimba, na nchi nzima ikasikia. Siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Kwa upande wa bei, basi, meza ya miraba tunayo, na tunasema hivyo kwa fahari. Hakuna zao nchini ambalo tungelitolea mfano mzuri zaidi wa mkulima kusimama mbele ya bei yake na kuitamkia ndiyo au hapana.

Baada ya bei ndipo giza linapoanza. Kuna ushuru wa halmashauri, kuna cha chama cha msingi, cha chama kikuu, cha ghala, cha usafirishaji. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja, makato yalibandikwa ukutani kwa mwandiko ambao hata sisi wenye vitabu tulishindwa kuusoma, na wazee waliokuwa pale walituomba tuwatafsirie. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilosomeka nalo lina habari gani?

Juu ya makato hayo ipo tozo ya kusafirisha nje korosho ghafi: asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Anayeilipa ni msafirishaji, na kwa sababu hiyo wapo wanaosema haimhusu mkulima. Hoja hiyo haisimami. Mnunuzi anajua tozo kabla hajaandika bei yake, naye anaipunguza humo humo. Sehemu kubwa ya mzigo inashuka mpaka Newala.

Kabla ya mwaka 2018 sheria iliigawa tozo hiyo: asilimia 65 kuendeleza zao la korosho, asilimia 35 Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Kutoka ile 65 ndiko kulikotegemewa salfa ya kupambana na ubwiriunga, miche na utafiti. Juni 2018 Sheria ya Fedha ikabadilisha mgawo huo, yote ikaenda Mfuko Mkuu. Wabunge wa Kusini walipinga na kushindwa. Novemba mwaka huohuo, baada ya wakulima kukataa bei, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazibeba. Bei ilikuwa nzuri, ila wapo waliosubiri malipo kwa miezi mingi. Mavuno, yaliyopita tani 313,000 msimu wa 2017/2018, yalishuka hadi takriban tani 225,000 msimu uliofuata. Hatusemi ni tozo pekee iliyoyashusha, kwa maana mvua na upepo navyo vina lao. Lakini mkorosho usiopigwa salfa kwa wakati hausubiri Bunge.

Hapa tunatofautiana na baadhi ya wenzetu, na jioni kadhaa mjadala umekuwa mkali. Wao wanasema waliohamisha fedha walikosea moja kwa moja. Sisi tunaona walikuwa na hoja. Mabaroni wa 1258 wangewaunga mkono: fedha za umma zikitawanyika katika vimfuko, kila kimfuko kinazaa bwana wake. Katiba yetu, ibara ya 135, inataka mapato ya Serikali yaingie Mfuko Mkuu. Lakini ibara hiyohiyo inaruhusu fedha ambazo sheria imezitengea kazi maalumu zisiingie humo. Mgawo wa awali, kwa hiyo, haukuwa uasi dhidi ya Katiba. Na fedha ikishaingia katika sanduku kubwa, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anaikagua pamoja na nyingine zote. Mzee wa Newala anayetaka kujua ya korosho hana ukurasa wa kufungua. Kipande cha Hazina kipo. Chake hakikuchongwa.

Mtakatifu Thoma, katika Summa, anapojadili unyang'anyi, anasema mtawala anayedai kwa raia kile kinachostahili kwa haki kwa ajili ya manufaa ya wote hanyang'anyi, hata akitumia nguvu. Akichukua isivyo haki, anawajibika kurudisha. Sisi hatumshitaki mtu kwa unyang'anyi. Tunauliza tu: bila hesabu iliyosomwa mbele ya aliyetoa, hayo manufaa ya wote mkulima atayatambuaje? Misimu ya karibuni Serikali imegawa salfa kwa ruzuku, na tunashukuru. Ruzuku hiyo mkulima anaipokea kama zawadi, mkono wa chini, wakati huenda ni fedha yake mwenyewe iliyopanda Dodoma na kurudi.

Tunapendekeza mambo yasiyohitaji hata sheria mpya. Kabla ya mnada wa kwanza wa kila msimu, mbele ya wakulima walewale waliokusanyika kusikia bei, maafisa wa Bodi ya Korosho wasome tozo ya msimu uliopita: imekusanywa kiasi gani, kiasi gani kimerudi Masasi, Newala, Tandahimba na kwingineko, kwa kazi ipi. Isomwe kwa Kiswahili cha kawaida, na bibi anayetaka aelezwe kwa Kimakonde aelezwe. Katika stakabadhi ya mkulima makato yaandikwe moja moja, kila moja na jina la anayelipokea, nakala moja nyumbani, moja chamani. Vyama vya msingi vina mikutano mikuu yao kabla ya msimu. Frateri aliyeko nyumbani likizo anaweza kukaa karibu na wazazi wake, kalamu mkononi, akasaidia kuunganisha vipande viwili.