Kabla ya Mfupa, Tuulize Figo

Toleo hili limebeba makala tatu zinazozunguka swali moja: je, mtu mwenye asidi ya uriki nyingi katika damu ana mifupa iliyoshiba madini kuliko mwenzake? Vitabu vya tiba vya nje vimelizungumzia kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na jibu linaloenea ni ndiyo. Limeshaanza kusikika hata katika mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, mitaa miwili mitatu kutoka ofisi yetu. Wapo wanaosema kwamba kama asidi inalinda mifupa, basi dawa ya kuishusha ya nini? Msimamo wangu kama mhariri ni kwamba kwa Lubumbashi jibu hilo bado halijatufaa, na sababu haiko mifupani. Iko kwenye figo.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Asidi ya uriki ni masalia ya purini, ambazo zimo katika nyama, dagaa, bia, na katika seli zetu wenyewe zinapokufa. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja asidi hiyo zaidi. Sisi na nyani wakubwa tulikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita, ndiyo maana damu ya binadamu ina asidi nyingi kuliko ya mbwa au panya. Mwaka 1981 Bruce Ames na wenzake wa California walitoa hoja kwamba huenda hasara hiyo ilikuja na faida, kwa kuwa asidi hii huzima kemikali kali za oksijeni zinazochakaza mwili. Na kwa kuwa kemikali hizo huchochea seli zinazomega mfupa, haikuwa ajabu watu kuanza kuangalia mifupa. Mwaka 2011 zikatoka takwimu za Sydney za wanaume 1,705 wenye miaka 70 na zaidi: wenye asidi nyingi walikuwa na madini mengi mifupani. Mwaka 2013 Korea Kusini ikaleta wanawake zaidi ya 7,500 waliokoma hedhi, na picha ikawa ileile.

Sasa tuwaangalie watu wetu. Ukitaka kufanya utafiti wa namna hiyo hapa mjini kwa kutumia mafaili ya kliniki, utapata zaidi watu wa Golf na mitaa inayofanana nayo, kwa kuwa ndio wanaolipia kipimo cha asidi hiyo bila kwanza kuuliza bei. Ijumaa jioni michopo inageuzwa juu ya makaa, mafuta ya mbuzi yanadondoka na kuripuka, pilipili na chumvi vimemwagwa kwenye kipande cha karatasi, na chupa za bia ya Simba zinaongezeka mezani. Jumapili alfajiri kidole gumba cha mguu kimevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa, na shuka likikigusa tu mwenye mguu anapiga ukelele. Huo ndio ugonjwa wa jongo. Maabara inarudisha karatasi: asidi ya uriki 8.4, na kinyota pembeni mwa namba.

Mpime mtu huyo mifupa na huenda ukaikuta imara. Lakini ana kilo tisini na tano. Mfupa hujijenga kwa mzigo unaoubeba, kwa hiyo uzito peke yake unatosha kuunenepesha. Uzito huohuo huleta insulini nyingi, na insulini huifanya figo iirudishe asidi ya uriki damuni badala ya kuitoa kwenye mkojo. Hapo una vitu viwili vilivyopanda pamoja bila kimoja kukisababisha kingine. Wataalamu wa takwimu watasema wanajua kuuondoa uzito katika hesabu. Wanajua, sikatai. Ila kilo za kitambi na kilo za misuli kwenye mizani ni zilezile, na mfupa haufanyiwi kitu kimoja na hizo mbili.

Ongeza vidonge. Mgonjwa yuleyule wa Golf mara nyingi ana shinikizo la damu, na dawa ya kukojoza inayoandikwa sana, haidroklorothiazidi, hupandisha asidi ya uriki na wakati huohuo huzuia kalsiamu isipotee kwenye mkojo. Kidonge kimoja, matokeo mawili, na asiyeuliza mgonjwa anameza nini ataandika makala nzima juu ya kivuli cha kidonge hicho. Kwa akina mama mambo yanageuka: estrojeni husaidia figo kutoa asidi, kwa hiyo hedhi inapokoma asidi hupanda katika kipindi kilekile mfupa unapoanza kupungua kwa kasi. Ukichanganya mama wa miaka arobaini na wa miaka sitini katika jedwali moja, utapata jibu lolote unalolitaka.

Kuna njia ya kuvuka vikwazo hivi, nayo ni jeni. Watu huzaliwa na jeni zinazowapa asidi nyingi au kidogo kabla hawajaonja bia wala kunenepa. Kama asidi yenyewe ndiyo inayojenga mfupa, basi waliorithi asidi nyingi wangekuwa na mifupa minene. Mwaka 2015 kundi la Nicola Dalbeth wa New Zealand lilijaribu hivyo kwa takwimu za Framingham, Marekani. Kwa vipimo vya damu uhusiano ulionekana. Kwa jeni ulitoweka. Wengine waliojaribu kwa Wachina wazee wakafikia palepale. Mimi nauona ushahidi huu kuwa mzito kuliko orodha ndefu za wazee wa Sydney, na nashangaa kwamba haunukuliwi kwa bidii ileile.

Hata hivyo si jeni zinazonizuia zaidi. Kinachonizuia ni ardhi tunayoishi juu yake.

Shaba imeyeyushwa Lubumbashi tangu 1911. Bomba la moshi la kampuni ya Gécamines na kilima cheusi cha taka zake ndiyo picha ya kwanza anayoibeba mgeni, na mtoto wa hapa huvichora kabla hajajua kuandika jina lake. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Magazeti yakakamata kobalti, kwa sababu ya betri. Lakini katika mkojo uleule kulikuwa pia na risasi na kadimi kupita kiasi, na kwa swali letu hizo mbili ndizo zenye maneno.

Risasi huizuia figo kutoa asidi ya uriki. Jongo la risasi linajulikana tangu zamani: Waingereza wa karne ya 18 walilipata kwenye mvinyo uliochafuliwa, na kusini mwa Marekani walilipata kwenye pombe haramu iliyopitishwa kwenye rejeta za magari. (Nani ameangalia mabomba yanayopitisha lutuku, pombe yetu ya kienyeji?) Risasi ikishaingia mwilini huenda kujificha mfupani; zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za risasi aliyonayo mtu mzima zimo humo, na hukaa kwa miongo. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo ana asidi ya juu na mfupa uliobeba kitu kisicho chake.

Kadimi hufanya kinyume. Huharibu vijifereji vya figo, navyo vikiharibika huacha kurudisha vitu damuni: fosfeti inatoka, asidi ya uriki inatoka, na mifupa inalainika. Japani iliyaona hayo katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, ambako maji ya mgodi yalinywesha mashamba ya mpunga na akina mama waliozaa mara nyingi wakaanza kuvunjika mbavu kwa kukohoa tu. Serikali yao ilikubali mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimi ya mgodi. Kadimi huandamana na zinki, na mgodi wetu wa zinki uko Kipushi, kilomita kama thelathini tu kutoka hapa, uliofungwa miaka ya 1990 na kuanza kuzalisha tena mwaka 2024.

Hebu mweke mtafiti katikati ya watu walioathiriwa na kadimi, akiwa na mashine nzuri ya mifupa na maabara nzuri ya asidi, lakini bila kipimo cha figo. Ataona asidi ndogo na mifupa dhaifu kwa mtu yuleyule. Ataandika, kwa moyo safi kabisa, kwamba asidi ya uriki inalinda mifupa. Atakubaliana na Sydney na Korea, na atapongezwa kwa kuleta ushahidi wa Afrika. Kumbe alichopima mara mbili ni figo iliyooza: mara moja kupitia damu, mara moja kupitia mfupa.

Kuhusu mashine yenyewe nitapita haraka. Kiwango kinachotumika kutangaza kwamba mfupa umedhoofika, cha mwaka 1994 kutoka Shirika la Afya Duniani, kilijengwa juu ya wanawake weupe. Louis Solomon wa Johannesburg alishaandika mwaka 1968 kwamba wazee Waafrika walivunjika nyonga mara chache sana kuliko Wazungu bila kuwa na mifupa iliyo minene kuliko yao, na Gambia vijijini imekuwa ikionyesha kitu kama hicho. Na kwa kuwa mashine hizo ni adimu, wengi wetu tunategemea picha ya eksirei ya kawaida, ambayo haionyeshi upungufu mpaka karibu theluthi ya madini iwe imeshaondoka.

Kwa mgonjwa wa jongo anayesoma ukurasa huu: usiache allopurinoli, dawa ya kushusha asidi, kwa ajili ya mifupa. Asidi ikizidi miligramu 6.8 kwa desilita huanza kuganda kuwa fuwele, na fuwele zikirundikana kwenye kiungo hula mfupa ulio karibu nazo hadi tundu lionekane kwenye picha. Huo ndio uhusiano wa asidi na mfupa ambao hauna ubishi, na si wa ulinzi.

Baadhi ya wenzangu katika bodi walitaka tusubiri hadi kuwe na fedha za kupima metali kwa kila mgonjwa ndipo tuguse mada hii. Nimekataa. Vipimo vya risasi na kadimi ni ghali, na hatuwezi kumdai mwandishi wa Hospitali ya Sendwe au wa zahanati ya Katuba alete kitu ambacho hata hospitali za Golf hazimwandikii mgonjwa wao. Kuna vitu vya bei nafuu ambavyo tumezoea kuviacha kwa uvivu tu. Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote yenye asidi ya uriki ndani yake itarudishwa kwa mwandishi ikikosa kreatinini (kipimo cha figo), uzito na urefu, dawa anazomeza mgonjwa, kazi aliyofanya, mtaa anaoishi na miaka aliyokaa hapo. Kuandika Golf, Ruashi, Penga Penga au Kipushi kwenye faili hakugharimu hata faranga moja, na aliyehamia Golf mwaka jana baada ya kukulia chini ya bomba la moshi hawezi kuhesabiwa kuwa mtu wa Golf.

Sharti hilo tumeanza kulitumia hata kwa makala za toleo hili. Ya kwanza ilikuja ikiwa kamili. Waandishi wa pili walirudi kwenye mafaili yao na kuongeza kreatinini, na hitimisho lao likabadilika kidogo, kama mtakavyoona. Wa tatu hawakuipata tena. Tumewachapisha hivyohivyo, na katika jedwali lao safu ya figo tumeiacha wazi badala ya kuifuta.