Mzigo wa Nishani kwa Bingwa Aliye Mtoto

Watu wengi hudhani kwamba taabu ya mwanamichezo humalizika pale anapovishwa nishani. Kabla ya hapo kuna mazoezi, maumivu na hofu ya kushindwa. Baada ya hapo kuna shangwe, zawadi na mapumziko. Dhana hiyo imeenea hata miongoni mwa viongozi wa michezo. Ndiyo sababu aghalabu madaktari na washauri humzunguka kijana wakati wa maandalizi, kisha hutawanyika mara wimbo wa taifa unapokwisha kupigwa. Katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ambao kwa muda mrefu umewapa wasichana wa miaka 15 na 16 taji la dunia, dhana hiyo si sahihi, nayo imeleta madhara makubwa.

Mchezo wenyewe, kwa msomaji ambaye hajapata kuuona, ni huu. Mchezaji huvaa viatu vyenye bamba jembamba la chuma chini ya soli, akateleza kwa kufuata muziki katika uwanja wa barafu, huku akiruka na kuzunguka hewani. Kwa wanawake, onyesho fupi huchukua kama dakika mbili na nusu, na lile refu dakika nne hivi. Waamuzi hutoa pointi kwa kila mruko kwa kadiri ya ugumu wake, na pointi nyingine kwa usanii. Miaka ya mazoezi, pengine kumi, hupimwa katika dakika hizo chache.

Tarehe 17 Februari 2022, mjini Beijing, mashindano ya wanawake ya Olimpiki ya Majira ya Baridi yalimalizika kwa namna iliyowashangaza watazamaji. Anna Shcherbakova wa Urusi, mwenye umri wa miaka 17, alitwaa dhahabu. Akaonekana ameketi peke yake, na baadaye alieleza kwamba pamoja na furaha alihisi utupu ndani yake. Mwenzake Alexandra Trusova, naye wa miaka 17, ambaye alikuwa ametia miruko mitano ya mizunguko minne katika onyesho lake, alipata fedha, akalia kwa ghadhabu na kutamka kuwa hatateleza tena. Kamila Valieva, wa miaka 15, aliyekuwa amesifiwa majuma machache tu kabla kuwa hana mshindani, na ambaye sampuli yake ya Desemba 2021 ilikuwa imegunduliwa kuwa na dawa iliyokatazwa, alianguka na kuyumba akamaliza wa nne. Aliyefurahi bila ya kificho ni Kaori Sakamoto wa Japani, mshindi wa shaba. Umri wake ulikuwa miaka 21.

Tofauti hiyo ya umri yafaa ishikwe vizuri, kwa maana ndiyo kiini cha jambo zima.

Mchezaji anaporuka hukaa hewani kwa muda wa sehemu saba za kumi za sekunde, mara nyingi pungufu. Atakaye kutimiza mizunguko minne katika muda huo hana budi kuzunguka kwa kasi ya zaidi ya mizunguko mitano kwa sekunde moja. Kasi hiyo hupatikana kwa kukunja mikono kifuani na kubana miguu, kwa kuwa kadiri uzito wa mwili unavyokaribia mhimili wake ndivyo mwili unavyozunguka upesi. Hapa sheria ya fizikia ni kali: uzito ulio mbali na mhimili kwa umbali wa mara mbili huleta ukinzani wa mara nne. Msichana wa miaka 14, mwembamba wa nyonga na mabega, ana umbo linaloifaa sheria hiyo. Balehe inapomfikia, nyonga hupanuka, kimo huongezeka, na mafuta ambayo ni ya kawaida kwa mwili wa mwanamke hujijenga. Mruko uliokuwa mwepesi mwezi wa Machi huwa mzito mwezi wa Septemba, na kila anapotua, mguu mmoja hupokea nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa mwili wake.

Watazamaji, na hata baadhi ya walimu wa mchezo huo, hulieleza badiliko hili kwa lawama. Husema bingwa amelewa sifa. Waswahili wanayo methali ya mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji, na ni rahisi kuitumia hapa. Lakini katika jambo hili mgema hakulegea hata kidogo. Mnazi ndio uliorefuka.

Basi bingwa wa miaka 15 hushinda kwa mwili ambao huenda asiwe nao mwaka unaofuata. Yeye mwenyewe anajua, kwa kuwa amewaona waliomtangulia. Tangu siku ya ushindi huanza kuhesabu siku, na wakati huo huo dunia nzima humtazamia arudie alichokifanya. Ni vigumu kubuni mtego ulio mbaya zaidi kwa nafsi ya mtoto.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Sonja Henie wa Norway alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1928 akiwa na miaka 15, akaitwaa tena mwaka 1932 na mwaka 1936. Miruko ya wanawake wa enzi zake ilikuwa kwa sehemu kubwa ya mzunguko mmoja, kwa hiyo kukua kwake hakukumnyang'anya kitu. Ushindi wa mapema, peke yake, si sumu. Hatari ilikuja pale thamani ya onyesho ilipofungwa na idadi ya mizunguko ambayo mwili wa mtoto ndio unaoiweza kwa wepesi.

Orodha ya walioingia katika hatari hiyo ni ndefu. Oksana Baiul wa Ukraine, aliyefiwa na mama yake akiwa na miaka 13, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1993 na bingwa wa Olimpiki huko Lillehammer mwaka 1994, akiwa na miaka 16. Alihamia Marekani, akawa mtu wa maonyesho na mikataba. Januari 1997, akiwa na miaka 19, alipata ajali ya gari akiwa amekunywa pombe, na mwaka uliofuata aliingia katika matibabu ya ulevi. Tara Lipinski wa Marekani alishinda Nagano mwaka 1998 akiwa na miaka 15. Katika muda wa miezi michache alikwisha kuyaacha mashindano hayo, na akiwa na miaka 18 alipasuliwa nyonga. Yulia Lipnitskaya wa Urusi, aliyesifiwa na dunia nzima huko Sochi mwaka 2014 alipoisaidia timu yake kupata dhahabu akiwa na miaka 15, alistaafu mwaka 2017 baada ya kutibiwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Alina Zagitova alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018 akiwa na miaka 15, na ubingwa wa dunia mwaka 2019. Desemba ya mwaka huo huo, akiwa na miaka 17, alitangaza kuyasimamisha mashindano. Alikuwa amekwisha kupata kila kitu ambacho mchezo wake unaweza kutoa.

Sayansi ya ubongo inasaidia kueleza kwa nini kupata kila kitu kwaweza kuwa msiba. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Wolfram Schultz na wenzake walichunguza chembe za ubongo wa kima zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Kima alipopewa tone la maji ya matunda bila kutazamia, chembe hizo zilichangamka sana. Alipokwisha kuzoea kwamba taa ikiwaka maji yatafuata, zilichangamka kwa taa, na maji yenyewe hayakuzigusa tena. Na taa ilipowaka maji yasije, zilinyamaza kuliko hali yao ya kawaida. Kwa maneno mengine, ubongo hupima zawadi kwa kuilinganisha na matarajio.

Binadamu si kima, na nishani si tone la maji, lakini hesabu hiyo inamhusu bingwa mchanga kwa uchungu. Kabla ya kushinda, kila nafasi ya juu ilikuwa nyongeza. Baada ya kushinda, nafasi ya kwanza ndiyo matarajio: akiipata hajaongeza kitu, akiikosa amepoteza. Mtu mzima mwenye kazi, jamaa na mambo mengine aweza kuibeba hesabu hiyo kwa kuyapima matokeo ya siku moja dhidi ya maisha yake yote. Mtoto hana bado chombo hicho cha kupimia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotawala subira, mipango na kutuliza hisia, huendelea kukomaa mpaka mtu afikapo miaka ya ishirini na kitu.

Tena kuna suala la nafsi. Mwaka 1993 Britton Brewer na wenzake, wataalamu wa saikolojia wa Marekani, walitunga kipimo cha kuonyesha ni kwa kiasi gani mtu hujitambua kama mwanamichezo na si kitu kingine. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba wale ambao nafsi yao yote imo katika mchezo huumia zaidi wanapojeruhiwa au wanapolazimika kuacha. Msichana aliyeanza kuteleza akiwa na miaka minne, akasomeshwa baina ya zamu mbili za mazoezi, akaishi na mwalimu wake kuliko na wazazi wake, ana nafsi moja tu. Nayo ndiyo inayohukumiwa na waamuzi kila juma.

Wapo wanaoshikilia kwamba bila ya ugumu huo hapatikani bingwa, na kwamba asiyestahimili hakufaa tangu hapo. Hoja hiyo haina nguvu inayodhaniwa. Sakamoto, yule wa shaba wa Beijing, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2022, mwaka 2023 na mwaka 2024, bila ya kutegemea mruko wowote wa mizunguko minne. Ni haki kutaja kwamba Warusi walifungiwa mashindano ya kimataifa tangu Machi 2022, kwa hiyo hawakuwapo kumpinga. Hata hivyo, ameonyesha kwamba mwanamke aliyekwisha kukua aweza kuwa bora mwaka hadi mwaka. Katika mbio ndefu, ambazo wasomaji wa Afrika Mashariki wanazifahamu zaidi, jambo hili halishangazi mtu: Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, na dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ilikuja mwaka 2016. Miaka 13 ilipita katikati. Mchezo wake ulimruhusu kuwa mtu mzima.

Juni 2022 Chama cha Kimataifa cha Mchezo wa Kuteleza, katika mkutano wake uliofanyika Phuket, Thailand, kilipiga kura 100 kwa 16 kupandisha umri wa chini wa kushindana na watu wazima kutoka miaka 15 hadi 17, kwa hatua mbili, ya mwisho ikianza msimu wa 2024 na 2025. Uamuzi huo ni mzuri, nao ulichelewa. Lakini unahusu mlango wa kuingilia tu. Msichana wa miaka 17 atakayeshinda kesho ataamka keshokutwa na hesabu ile ile ya matarajio.

Kinachokosekana ni mpango wa mwaka unaofuata ushindi. Mchezaji aliyevunjika mguu hupewa daktari, ratiba na muda, na hakuna anayemwita mvivu. Aliyeshinda taji kubwa akiwa kijana anastahili utaratibu kama huo, uandikwe katika kanuni za vyama vya taifa kama matibabu ya majeruhi yalivyoandikwa: miezi kadhaa bila ya mashindano pasipo kupoteza nafasi yake katika timu, masomo yasiyokatizwa, na mshauri wa afya ya akili asiyelipwa na mwalimu wa mchezo wala na wadhamini. Sharti hili la mwisho ndilo lililo gumu kuliko yote, kwa sababu hugusa fedha. Daktari ambaye ujira wake hutegemea nishani hawezi kumwambia mtoto apumzike.

Kwamba mapumziko hayaui kipaji, Alysa Liu wa Marekani ni ushahidi. Alikuwa bingwa wa taifa lake mwaka 2019 akiwa na miaka 13. Aprili 2022, muda mfupi baada ya kupata shaba katika ubingwa wa dunia, alitangaza kuacha akiwa na miaka 16. Akaingia chuo kikuu, na somo alilolichagua ni saikolojia. Mwaka 2024 alirejea kwa hiari yake na kwa masharti yake, na Machi 2025, huko Boston, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 19. Mapumziko hayo, hata hivyo, hakupewa na chama chochote. Ilimbidi kwanza astaafu ndipo ayapate.

Wakati huo huo, kazi nzito yote imebaki kule chini. Trusova alitua miruko yake ya kwanza ya mizunguko minne mbele ya waamuzi wa ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2018, akiwa na miaka 13. Kanuni mpya haikugusa mashindano hayo, na umri wa chini wa kuyaingia bado ni miaka 13.