Mbia Hupimwa Siku ya Hasara

Watu wengi hudhani kwamba ubia wa biashara ni jambo la wakubwa wenye maofisi na mihuri. Sivyo. Hapo Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, watu wawili wanaochanga fedha wakanunua mahindi vijijini Mbozi ili wayauze Tunduma mpakani, wamekwisha kuwa wabia. Kadhalika majirani watatu walionunua mashine moja ya kukoboa nafaka ili wagawane faida. Hawana karatasi wala mwanasheria, lakini sheria inawatambua, na deni likija litawatambua zaidi.

Leo tulizungumze jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu linagusa nyumba. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, tendo la mbia mmoja katika shughuli za ubia huwafunga wote. Mwenzako akichukua magunia kwa mkopo kwa ajili ya biashara yenu, nawe unadaiwa. Mali ya biashara isipotosha kulipa, mdai aweza kuigeukia mali ya kila mmoja wenu: kiwanja, pikipiki, hata shamba la kahawa. Kwa hiyo anayechagua mbia hachagui mtu wa kugawana naye faida tu. Anachagua mtu ambaye makosa yake yaweza kulipwa na watoto wa nyumba nyingine.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kusajili kampuni. Ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, katika kampuni ya hisa, mwenye hisa aliyekwisha kuzilipia hawajibiki kulipa madeni ya kampuni kwa mali yake. Lakini benki inapoikopesha kampuni changa, aghalabu hudai dhamana ya wakurugenzi wenyewe, na mara nyingi dhamana hiyo ni nyumba. Hapo kinga iliyowekwa na sheria huondolewa kwa sahihi moja.

Basi mbia achaguliwe vipi? Wengi hutazama mfuko wake. Wengine hutazama undugu: shemeji, mtoto wa baba mdogo, mtu wa kijijini kwetu. Hayo hayakatazwi, lakini hayatoshi. Fedha huisha, na ndugu huoneana haya kuulizana hesabu, hata hasara ndogo ikakua gizani. Kipimo kilicho bora ni hiki: siku alipopata hasara, alifanya nini? Ulizia kwa waliopata kumkopesha. Je, alikwenda mwenyewe kueleza kabla hajafuatwa, au alizima simu na kubadili njia ya kupita? Yule wa kwanza, hata kama mtaji wake ni mdogo, ndiye wa kukaa naye meza moja.

Mfano mkubwa wa ubia unapita Vwawa penyewe. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni mali ya Tanzania na Zambia, nusu kwa nusu. Zambia ilihitaji njia ya bahari isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia, waliojitangazia uhuru wao mwaka 1965. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kuigharimia reli hiyo. China, ambayo wakati ule haikuwa nchi tajiri, ikatoa mkopo usio na riba, na kazi ikafanyika kati ya mwaka 1970 na 1975. Hapo twajifunza kwamba aliye na fedha nyingi siye lazima akufaaye. Lakini lipo na funzo la pili. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na kwa miongo mingi haikufikia kiwango hicho. Sababu mojawapo ni uhaba wa mtaji. Penye umiliki wa nusu kwa nusu, fungu jipya linapohitajika, mmoja asipokuwa tayari hata mwenzake hukwama.

Kwa hiyo mapatano yaandikwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Nani ametoa kiasi gani? Nani hutunza daftari, na nani hulikagua? Mtaji ukipungua, nani ataongeza? Mmoja akitaka kujitoa, au akifariki, sehemu yake itathaminiwaje na watalipwa nani? Pasipo mapatano, sheria huchukulia kwamba faida na hasara ni sawa kwa sawa, hata kama mmoja alifanya kazi usiku na mchana na mwingine alilala. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, usimsahau mbia wako wa kwanza, yaani mwenzako wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja pasipo ridhaa ya mwingine. Wako waume wanaoleta karatasi usiku na kusema, "Tia sahihi hapa, ni mambo ya biashara." Mama, usitie sahihi usichokisoma. Nawe baba, ukiona haya kumweleza mkeo huyo unayetaka kushirikiana naye ni mtu wa namna gani, basi umekwisha kupata jibu juu ya mtu huyo.