Herufi Zilizobanwa na Irabu Saba za Singida

Hoja ya kubana herufi zenye serifu ina mashiko. Times New Roman, iliyoanza kutumika katika gazeti la The Times la London mwaka 1932, ilikusudiwa kuingiza maneno mengi bila kumchosha msomaji. Na Kiswahili, chenye maneno marefu kama *hawajatutambulisha*, hunufaika na uwekevu huo. Irabu zake tano hazidai alama yoyote ya ziada.

Hali ni tofauti mkoani Singida. Kinyaturu na Kinyiramba vina irabu saba. Zikitofautishwa kwa herufi zilizokatwa, ɨ na ʉ, kama ifanywavyo katika Kirangi cha Kondoa, tofauti nzima ya maana hubebwa na kijistari kimoja. Katika herufi iliyobanwa, kijistari cha ɨ hufupishwa hadi kifanane na doa la wino, na kile cha ʉ hugusa herufi jirani. (Kuziandika irabu saba kwa herufi tano, kwa kisingizio cha urahisi, si suluhisho, ni kuifuta fonolojia.)

Kwa hiyo mhariri wa kamusi au hadithi za lugha hizi hana budi kuchapa kwanza ukurasa wa majaribio wenye ɨ na ʉ, kwa ukubwa uleule utakaotumika, na kuwapa wazawa wausome kwa sauti.