Je, Kizuri Chajiuza Chenyewe?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetulea vyema. Imetufundisha kwamba mwenye sifa hana haja ya kuzipigia ngoma, na kwamba anayejisifu mbele za watu huenda ana jambo analolificha. Sisi wakufunzi wa vyuo vya ualimu tumewarithisha wanachuo wetu methali hiyo hata pale ambapo hatukuitamka: tumewarithisha kwa jinsi tunavyomnyamazisha anayejitokeza mno, na kwa jinsi tunavyompenda aliye mtulivu. Katika makala haya hatukusudii kuibeza. Twakusudia kuuliza iwapo yamfaa mwanachuo anayemaliza masomo yake na kwenda kutafuta kazi.

Embe bivu hujiuza sokoni kwa sababu mnunuzi huliona rangi, hulinusa, na hulibonyeza kwa kidole. Ujuzi hauko hivyo. Ujuzi umo ndani ya mtu, na huonekana tu pale anapopewa kazi ya kufanya. Lakini kazi yenyewe ndiyo anayoitafuta! Mtu huyo anapoketi mbele ya wasaili kwa dakika chache, hawana darasa la kumpa wala wiki za kumtazama. Wanacho cheti chake, ambacho kinafanana na vyeti vya wenzake wote, na wanayo maneno yake. Maneno hayo yakiwa matupu, ujuzi wake unabaki kama mali iliyofukiwa ardhini, isiyomfaa yeye wala watoto ambao angewafundisha.

Kwa miaka mingi nchini Tanzania jambo hili halikuwa na uzito mkubwa. Mhitimu wa chuo cha ualimu alipangiwa kituo, akafunga mizigo yake akaenda. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoagiza kuharakishwa kwa elimu ya msingi kwa watoto wote, walimu walitafutwa kila pembe, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kufundisha huku wakijifunza. Nani angemwuliza mwalimu aeleze anachokiweza, ilhali madarasa yalikuwa yakimngoja? Siku hizi mambo ni kinyume. Wahitimu ni wengi mno kuliko nafasi zinazotangazwa, na mwaka 2025 walioomba nafasi za ualimu serikalini walipitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wengine hubisha hodi katika shule za watu binafsi, katika mashirika, katika nyumba za kuchapisha vitabu, au hujiajiri wenyewe. Kila mahali swali ni lile lile: wewe waweza kufanya nini?

Twaona kwamba wanachuo wetu wengi hulijibu swali hilo vibaya, na sababu si kwamba hawawezi kitu. Hebu tuwatazame wakiwa chuoni. Yupo anayetunza hesabu za duka la chuo, akajua kila jioni kilichouzwa na kilichobaki. Yupo aliyesimamia mradi wa kuku, akaandika chakula kilicholiwa, mayai yaliyookotwa na vifaranga waliokufa. Yupo anayefundisha kwaya kwa sauti nne. Wakati wa mazoezi ya kufundisha wapo waliotengeneza zana za kufundishia kwa maboksi, vizibo na mbegu, katika shule isiyo na hata ramani ya ukutani. Huo wote ni ujuzi, tena ujuzi unaotafutwa. Lakini mwambie mwanachuo huyo aandike wasifu wake, naye ataandika: “Ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kushirikiana na watu.” Maneno hayo hayana kosa, ila yaweza kuandikwa na mtu yeyote juu ya jambo lolote.

Sababu ya udhaifu huu, kwa maoni yetu, ni tatu. Ya kwanza ni adabu ile tuliyoitaja, ambayo imechanganya kujisifu na kujieleza. Kujisifu ni kumtaka msikilizaji akuamini bila ushahidi. Kujieleza ni kumpa ushahidi, kisha kumwachia yeye aamue. Anayesema “mimi ni mwalimu bora” amejisifu. Anayesema “nilifundisha jambo hili, kwa njia hii, na wanafunzi wakaweza hili” hakujisifu hata kidogo, bali ametoa taarifa. Wanaoumia zaidi kwa mchanganyiko huu ni wale waliolelewa kwa heshima kubwa, hasa wasichana na vijana waliotoka vijijini, ambao mara nyingi ndio walioanza kufanya kazi wakiwa wadogo.

Sababu ya pili ni kwamba elimu yetu bado inathamini kilichoandikwa kwenye mtihani kuliko kilichofanywa. Mwalimu Nyerere alikwisha kulilalamikia jambo hilo katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Tangu wakati huo mitaala imebadilishwa mara kadhaa. Mwaka 2005 ule wa sekondari ulielekezwa kwenye umahiri, na Januari 2024 ulianza utekelezaji wa mtaala mpya wenye mkondo wa amali katika shule za sekondari. Hata hivyo, mwanachuo wetu akimaliza kazi ya mikono huambiwa alama yake, asiulizwe ameifanyaje. Hivyo hujifunza kuihesabu kazi kwa alama, na alama haisimulii kitu.

Sababu ya tatu ni nyepesi kuliko zote: hatukuwafundisha. Twamfundisha mwanachuo kuandika andalio la somo kwa majuma mengi, twalisahihisha, twamrudishia aandike tena. Kuieleza kazi yake kwa mtu asiyemjua tunakuacha kwa siku ya mwisho, mgeni mmoja anapoalikwa kutoa nasaha ukumbini kwa saa moja.

Tiba, basi, haiwezi kuwa somo jipya la namna ya kuandika barua ya maombi. Maneno yasiyo na kazi nyuma yake ni ulaghai, na tusije tukawafundisha vijana ulaghai uliopambwa. Tiba ni kuunganisha kufanya na kueleza tangu muhula wa kwanza. Tunapendekeza kila mwanachuo awe na daftari moja la kazi, na kila anapomaliza kazi halisi, iwe darasani, shambani, stoo au katika shule ya mazoezi, ajibu maswali manne: Nilikuta hali gani? Nilifanya nini mimi mwenyewe? Nini kilibadilika? Nani aliona? Nusu ukurasa watosha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanachuo amerudi kutoka mazoezi ya kufundisha naye anaandika: “Nina uwezo mzuri wa kufundisha Hisabati.” Mkufunzi amrudishie daftari pamoja na yale maswali manne. Baada ya kuyajibu, huenda akaandika hivi: “Nilipewa darasa la tatu lenye wanafunzi 84. Katika jaribio la kwanza, wanafunzi 31 hawakuweza kutoa namba za tarakimu mbili. Nikawafundisha kwa vifungu vya njiti kumi kumi, wakivifungua na kuvifunga wenyewe. Baada ya majuma matatu nikarudia jaribio, na walioshindwa wakawa 9. Mwalimu wa darasa anayo majaribio yote mawili.” Tazameni tofauti iliyopo. Hakuna neno hata moja la sifa, lakini msomaji ameona mtu anayepima kabla ya kufundisha, anayetengeneza zana kwa kitu kilichopo, na anayerudi kupima tena. Hata mwajiri asiye mwalimu angependa kumjua mtu huyo. Tena wale 9 wasifichwe. Anayeeleza kilichobaki ndiye anayeaminika kwa kilichofanyika.

Daftari hilo lisibaki kabatini. Mara moja kwa juma, wanachuo wawili wawili wasomeane ukurasa mmoja, na msikilizaji apewe kazi ya kuuliza: “Hapo ulisema ‘tulifanya’, wewe ulifanya lipi?” Swali hilo ni zuri, kwa maana kazi za chuo hufanywa kwa vikundi, na katika kikundi ni rahisi mmoja kubeba na wengine kupanda mgongoni. Katika mwaka wa mwisho wasomeane mbele ya mtu wa nje: mwalimu mkuu wa shule jirani, bwana shamba, au fundi mwenye karakana. Mtu wa nje hajui maana ya azimio la kazi, naye atamlazimisha mwanachuo kusema kwa maneno ya kawaida kwamba alipanga kazi ya muhula mzima na kuifuata. Kwa wale watakaofundisha sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, zoezi hilo lifanywe kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Aliyekwisha kuipanga habari yake katika lugha anayoimudu huwa na kitu cha kuvusha hadi lugha ya pili. Asiyeipanga hukariri sentensi za wengine.

Mpango huu si mgeni kwetu. Mafundi waliojifunza kazi mitaani, bila kupita chuoni, hurasimishiwa ujuzi wao na VETA. Hawaulizwi walikaa dawati gani. Huonyesha kazi, huulizwa maswali juu yake, na ndipo hupewa cheti. Kadhalika, Azimio la Musoma lilitaka anayekwenda Chuo Kikuu afanye kazi kwanza kwa muda, na wale aliofanya nao kazi watoe maoni yao juu yake. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake na haupo tena, lakini wazo lililokuwa ndani yake lingali na nguvu: wanaomjua mtu kwa kazi yake ni mashahidi wazuri kuliko karatasi.

Wapo wenzetu watakaopinga. Watasema elimu si bidhaa, na kwamba kumfundisha mwalimu kujinadi ni kumshusha thamani. Twakubaliana nao nusu ya safari. Mtu si bidhaa, wala ualimu haupimwi kwa mshahara peke yake. Lakini kujitegemea, ambako tumekuhubiri kwa miaka mingi, huanza kwa mtu kujua anachokiweza na asichokiweza. Mwanachuo asiyejua hesabu ya ujuzi wake mwenyewe ndiye anayekuwa bidhaa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hupokea bei yoyote anayotajiwa. Aidha, mwalimu asiyeweza kuieleza kazi yake hawezi kumsaidia mwanafunzi wake aeleze ya kwake.

Wengine watasema wakufunzi ni wachache na wanachuo ni wengi, na nani atayasoma madaftari hayo yote? Hoja hii ni ya kweli, wala hatuwezi kuipuuza. Jibu letu ni kwamba mkufunzi hana haja ya kusoma kila ukurasa. Wanachuo wakisomeana, mkufunzi apite akisikiliza jozi mbili au tatu, na achukue madaftari machache kila juma kwa zamu. Dakika ishirini katika juma si mzigo usiobebeka. Mzigo mkubwa zaidi ni kijana aliyesomeshwa miaka miwili au mitatu kwa ng’ombe wa babake na vitenge vya mamake, akarudi nyumbani akiwa na cheti asichoweza kukisemea.

Nasi tusidanganyike kwamba mpango huu utaongeza nafasi za ajira. Hautaongeza hata moja. Pale nafasi ni kumi na waombaji ni mia, tisini watakosa, wajieleze wasijieleze. Jambo hilo lina wahusika wake, na sauti zetu zapaswa kufika kwao pia. Lakini ipo tofauti kati ya kukosa kwa sababu nafasi zimekwisha na kukosa kwa sababu hukujulikana. La kwanza halimo mikononi mwa mkufunzi. La pili limo. Tena yule anayekosa akiwa na daftari lake mkononi anajua kwamba aweza kufuga kuku kwa hesabu, kufundisha watu wazima kusoma, au kutunza vitabu vya chama cha ushirika, na aweza kumweleza jirani yake hivyo.

Kwa hiyo tunawaomba wakufunzi wenzetu waanze na jambo dogo. Muhula ujao, kazi ya kwanza ya vitendo itakapokwisha, kabla ya kutoa alama, mwulizeni kila mwanachuo yale maswali manne, mkamsubiri ajibu. Mwanzoni atainamisha kichwa na kusema “tulifanya tu kawaida, Mwalimu.” Msiipokee kawaida hiyo. Mwulizeni tena.