Mtoano Usiomtoa Mtu

Mashabiki wenzangu wa raga huniambia Chiefs walistahili nafasi nyingine, kwa kuwa walimaliza msimu wa Super Rugby wa 2025 wakiongoza timu zote 11. Nakataa.

Timu sita ziliingia mtoano. Blues, wa sita kwenye msimamo, walisafiri hadi Hamilton, New Zealand, wakawafunga Chiefs kwao, 20 kwa 19. Washindi watatu hawatoshi nusu fainali, kwa hiyo sheria ikamrudisha mmoja wa walioshindwa, yule aliyekuwa juu zaidi: Chiefs. Tena wakacheza nusu fainali nyumbani, huku Blues walioshinda wakipelekwa Christchurch kwa Crusaders, wakatolewa.

Ukitaka kutuza msimu mzuri, timu mbili za juu zipumzike raundi ya kwanza, nne zilizobaki zitoane. Wanne wanapatikana bila kumfufua yeyote.

Chiefs walifungwa fainali na Crusaders, 16 kwa 12. Wapo wanaosema basi haki ilitendeka. Kwa nani? Blues walishinda mechi wakapata safari; Chiefs walishindwa wakapata uwanja. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hapa iliyokataa ni sheria yenyewe.