Afya ya Nyumbani: Kuchemsha Maji Hakuondoi Risasi



Wapenzi wasomaji, sisi tuliotoka Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na kwingineko mwambaoni tulilelewa juu ya kanuni moja kuhusu maji ya kunywa: yachemshwe, yapozwe, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yatiwe mtungini. Kanuni hiyo ni njema na imeokoa roho nyingi, kwani moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Tumesafiri nayo hadi huku Thornton Heath, na wako miongoni mwetu ambao hadi leo hawampi mtoto maji ila yawe yamechemka. Mwezi huu tunapenda kukumbushana kwamba iko hatari moja katika nyumba za huku ambayo moto hauiwezi. Hatari hiyo ni risasi.

Risasi tuisemayo si ya bunduki, ingawa lugha yetu imezipa zote mbili jina moja. Ni madini laini ya rangi ya kijivu, ambayo mafundi wa zamani wa Uingereza waliyapenda kwa kutengenezea mabomba kwa kuwa hupindika kwa urahisi. Stesheni ya reli ya Thornton Heath ilifunguliwa mwaka 1862, na katika miongo iliyofuata zikajengwa safu kwa safu za nyumba ambazo wengi wetu twakaa ndani yake hivi leo. Nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1970 yawezekana kuwa bado inaletewa maji kwa bomba la risasi.

Maji hutoka katika mitambo ya kampuni yakiwa takriban hayana risasi kabisa. Huipata njiani, katika kile kipande chembamba kitokacho kwenye bomba kuu la barabarani hadi jikoni kwetu. Kadiri maji yanavyolala ndani ya bomba hilo ndivyo yanavyozidi kuichukua. Kampuni za maji hutia fosfati ili kufanya utando ndani ya bomba. Jambo hilo hupunguza risasi lakini haliimalizi. Sheria ya hapa iliruhusu mikrogramu 25 kwa lita hadi mwishoni mwa 2013, kisha ikateremsha kiwango hadi 10. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama.

Kwa nini moto usifae? Vijidudu ni viumbe hai, na vikipata moto hufa. Risasi haina uhai wa kuuawa. Maji yanapochemka, mvuke hupanda na risasi hubaki. Na birika likichemshwa mara mbili tatu, maji hupungua ilhali risasi ni ile ile. Hivyo mama anayejitahidi zaidi kwa ajili ya chupa ya mtoto hapati himaya aliyoikusudia.

Sumu hii haina harufu wala ladha. Ndugu zetu wa Mombasa wanayajua madhara yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na risasi yake ikawaingia wakazi. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo, aligundua kuwa mwanawe mchanga amedhurika, akasimama kuwatetea majirani zake. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Huko risasi ilikuja kwa moshi na vumbi, na kwa wingi mkubwa; huku huja kidogo kidogo kwa maji. Lakini wanaoumia zaidi ni wale wale: watoto wadogo, ambao ubongo wao ungali unakua, na walio tumboni mwa mama zao.

Tufanye nini basi? Kwanza, tutazame bomba linaloingia nyumbani, aghalabu chini ya sinki la jikoni au chini ya ngazi. Likikwaruzwa kidogo kwa sarafu likang'aa kama fedha, na sumaku isishike, yamkini ni risasi. Shaba huwa nyekundu, na chuma hushika sumaku. Baada ya kukwaruza tunawe mikono.

Pili, tusinywe maji yaliyolala. Asubuhi, au tunaporudi kazini, tufungue mfereji wa jikoni hadi beseni la vyombo lijae na maji yawe baridi zaidi. Katika Ramadhani jambo hili lahitaji hadhari, kwa kuwa anayeamka kwanza kupika daku hujaza birika kwa maji yaliyolala bombani usiku kucha. Wala tusiogope israfu: maji ya beseni lile yatafaa kumwagilia maua, kupigia deki au kumwaga chooni.

Tatu, maji ya chai, ya wali na ya maziwa ya mtoto yatoke mfereji wa baridi daima, kwani maji ya moto huyeyusha risasi upesi zaidi. Ama kutawadha na kuoga hakuna dhara, kwa sababu risasi iliyo majini haipenyi ngozini kwa kiasi cha kutisha.

Nne, na ndiyo dawa yenyewe, bomba libadilishwe. Kampuni ya maji ambayo jina lake limo katika bili kwa kawaida hupima maji bila malipo mteja akiomba. Kipande cha barabarani ni chake. Kuanzia mpaka wa nyumba kuingia ndani ni cha mwenye nyumba. Kwa kawaida mwenye nyumba akibadilisha chake, kampuni nayo hubadilisha chake.

Wengi wetu ni wapangaji, na twaona haya kumwendea mwenye nyumba, tukichelea kuonekana wasumbufu. Lakini kuuliza habari za maji si kutafuta ugomvi. Tuombe kipimo, tumpelekee majibu kwa barua, na nakala tuiweke. Anayeogopa kuandika kwa Kiingereza amwombe kijana wake au jirani amsaidie. Na aliye na mimba au mtoto mchanga katika nyumba ya zamani asingoje: apige simu wiki hii.

Wabillahi tawfiq.